Habari ya Mpakani Isiwekwe Mwisho

Uko mto mmoja baina ya Sudani na Sudani Kusini ambao Wadinka wa Ngok huuita Kiir na Waarabu wa kabila la Misseriya huuita Bahr al-Arab. Tangu zama za mababu wa mababu zao, kila mvua zinapokatika na majani ya Kordofan yakaanza kukauka, Wamisseriya huteremka na ng'ombe wao hadi ukingoni mwake kutafuta maji na malisho, wakawakuta Wangok na ng'ombe wao wenyewe na mashamba yao ya mtama, wakakaa nao hadi mvua zianze tena, kisha wakarejea kwao Muglad. Maafisa wa Kiingereza walipoingia nchi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 waliuchanganya mto huo na mwingine ulioko kaskazini yake, wakaandika jina la huu mahali pa ule katika barua zao. Na mwaka 1905, kwa kutaka kuwaweka washambulizi na washambuliwa chini ya mkono wa mtawala mmoja, wakazitoa jumbe tisa za Wangok katika jimbo la Bahr el-Ghazal wakaziingiza Kordofan. Kalamu ile ilipita upesi. Miaka 104 baadaye, hadi tarehe 22 Julai 2009 hukumu iliposomwa, mahakama ya usuluhishi huko Hague ilikuwa ingali ikitafuta maana ya maneno yaliyoandikwa mwaka ule, mawakili wakifukua barua za maafisa waliokwisha kufa zamani wapate kujua mto upi ulikuwa mto upi.

Naanza na mto huo kwa kuwa vita vya Sudani husimuliwa aghalabu kana kwamba ni ugomvi wa miji miwili, Khartoum na Juba hapo zamani, au ugomvi wa majemadari wawili, kama ilivyo hivi sasa. Na nchi zilizo katikati, yaani Abyei, ambayo ndiyo nchi ya Wangok hao, Milima ya Nuba na jimbo la Nile ya Buluu, hutajwa mwishoni mwa habari kama mtu anavyotaja jamaa wa mbali wa marehemu. Rai yangu ni kinyume cha hayo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nchi ya mpakani ambayo watu wake wamegawanyika nafsi zao ndiyo bawaba ya mlango: ubao waweza kuwa mzito na kufuli ya chuma, lakini mlango husimama au huanguka kwa bawaba. Na kila mara sulhu ya Sudani ilipoandikwa, bawaba hiyo iliachwa bila kukazwa misumari, kwa ahadi kwamba fundi atarudi kesho. Fundi hakurudi.

Tazama kwanza mahali penyewe. Milima ya Nuba imeinuka katika uwanda wa Kordofan kama visiwa katika bahari, na aliyeishika huwa yu juu ya njia zitokazo El Obeid kwenda kusini, na karibu na bonde la Muglad, ambako kampuni ya Chevron iligundua mafuta mwishoni mwa miaka ya 1970, na ambako mafuta hayo yalianza kusafirishwa kwa bomba hadi Port Sudan mwaka 1999. Katika Nile ya Buluu kuna bwawa la Roseires, lililojengwa miaka ya 1960, ambalo umeme wake ulikuwa ukiwasha taa za mji mkuu. Na ndiyo maana waasi wa SPLA, jeshi lililoanzia kusini, walipouteka mji mdogo wa Kurmuk, ulio mpakani mwa Ethiopia, mwezi Novemba 1987, taharuki ilienea Khartoum, kwa kuwa watu waliona kwa mara ya kwanza kwamba vita walivyoviita vya kusini vinaweza kuja kubisha hodi. Ama Abyei ni lango la malisho na lango la silaha pia: tangu katikati ya miaka ya 1980 serikali iliwapa bunduki vijana wa Kimisseriya, wakajulikana kwa jina la murahalin, wakatumwa kuivamia nchi ya Wadinka, kuchoma vijiji, kuteka ng'ombe na watoto, na hivyo wafugaji waliokuwa na khitilafu ya kawaida ya maji na majani, khitilafu ambayo wazee wa pande zote mbili walikuwa na desturi ya kuimaliza kwa fidia, wakageuzwa kuwa jeshi la bei rahisi la watu wengine.

Lakini mahali hapapigani. Wapiganao ni watu, na watu wa mpakani wana habari ndefu kuliko ramani yao. Wanuba (wasichanganywe hapa na ndugu zetu Wanubi wa Kibera na Bombo, ambao mababu zao walikuwa askari wa Kisudani wa makabila mbalimbali walioletwa huku na dola za wakati ule) ni watu wa lugha nyingi na dini zaidi ya moja, na si jambo la ajabu katika nyumba moja ya Kinuba kumkuta baba Mwislamu, mtoto Mkristo na bibi anayeshika mila ya wazee, wakila sinia moja. Kwa mujibu wa mpaka wa tarehe 1 Januari 1956, siku Sudani ilipopata uhuru, wao ni watu wa kaskazini. Kwa jinsi walivyotendewa, hawakuona tofauti ya hali yao na hali ya watu wa kusini. Wengi wao walikuwa askari wa kawaida katika jeshi la serikali, na wengine wengi wakamfuata Yousif Kuwa Mekki, mwalimu wa shule na mwanasiasa, Mwislamu, akaingia nao katika SPLA. Ikawa Mnuba anampiga Mnuba mwenziwe mlimani kwa ajili ya miji ambayo wote wawili hawakuwa na nyumba ndani yake.

Na faida aliyoipata John Garang, kiongozi wa SPLA, kwa kuungana nao haikuwa ya bunduki peke yake. Bila ya Wanuba na watu wa Nile ya Buluu, harakati yake ingekuwa harakati ya kusini tu, na kauli yake ya Sudani Mpya, ambamo kila raia atakuwa sawa bila kujali rangi wala dini, ingekuwa maneno matupu. Walipokuwa pamoja naye, Waislamu kwa Wakristo, watu wa kaskazini kwa ramani na wa pembezoni kwa hali, aliweza kusema mbele ya dunia kwamba anapigania nchi nzima. Serikali ililijua hilo vema. Mwaka 1992 ilitolewa huko El Obeid fatwa ya jihadi juu ya waasi wa Kordofan, ikawatoa katika Uislamu hata Waislamu waliokuwa upande wao, na maelfu ya watu wakaondolewa milimani wakapelekwa katika kambi.

Mwaka huo huo Yousif Kuwa alifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa katika mambo makubwa ya taarikhi ya Afrika ya zama zetu, ingawa wachache hulitaja. Watu wake walikuwa wamezingirwa, chumvi imekwisha, nguo zimechakaa, na ndege za msaada hazifiki. Badala ya kutoa amri, aliitisha baraza la wajumbe wa milimani, akawaeleza hali ilivyo bila ya kuwaficha, akawauliza kama vita viendelee au viachwe, akiahidi kufuata watakaloamua. Wakajadiliana, kisha wakapiga kura, wakaamua kuendelea. Wala sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa sawa au haukuwa sawa. Nasema kwamba waliulizwa, na kwamba katika miaka yote iliyofuata, walipokaa wakubwa kuandika mustakabali wa milima ile, sikumbuki mara nyingine ambapo wenye milima waliulizwa kwa namna hiyo.

Juu ya habari ya ndege za msaada, sisi wa Afrika Mashariki tunayo sehemu yetu ya kukumbuka. Operesheni kubwa ya chakula iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989 ilirusha ndege zake kutoka Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, ikaokoa watu wengi kusini. Lakini Milima ya Nuba ilikuwa upande wa kaskazini wa mstari wa 1956, na Khartoum haikutoa ruhusa, kwa hiyo mtoto wa Bahr el-Ghazal akashushiwa magunia na mtoto wa Kauda, ambaye baba yake alikuwa katika jeshi lile lile la waasi, akabaki kuitazama mbingu. Mstari wa karatasi uliamua nani ale.

Mataifa mengine yana ushahidi wa namna hiyo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Rais Abraham Lincoln, aliyezaliwa Kentucky, jimbo la mpakani baina ya pande mbili, kama alivyozaliwa huko huko hasimu wake Jefferson Davis, kiongozi wa majimbo yaliyojitenga, aliandika katika barua yake ya mwezi Septemba 1861 kwamba kuipoteza Kentucky ni karibu sawa na kushindwa moja kwa moja. Na kwa ajili ya kuishika Kentucky na wenzake wa mpakani, tangazo lake la tarehe 1 Januari 1863 la kuwaacha huru watumwa halikuwagusa watumwa wa huko. Hesabu yake ya vita ilikuwa sahihi. Lakini mtumwa wa Kentucky alingoja hadi Desemba 1865, bunduki zimenyamaza tangu miezi kadhaa, ndipo katiba ikamfungua. Huo ndio mwenendo wa mambo: nchi ya mpakani hupewa thamani kubwa maadamu vita vinaendelea, na thamani hiyo hulipwa na mtu mnyonge wa huko huko, ambaye hakuwamo barazani.

Turudi Sudani, na mazungumzo ya Naivasha, nchini Kenya. Mazungumzo hayo, yaliyomaliza vita vya miaka 22 baina ya Khartoum na SPLA, yalisimamiwa na Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya kwa niaba ya jumuiya ya kikanda ya IGAD, na Itifaki ya Machakos ya tarehe 20 Julai 2002 ikawapa watu wa kusini haki ya kujiamulia. Katika haki hiyo, kusini ikafahamika kuwa ni kusini ya mwaka 1956. Basi na Wanuba je? Na watu wa Nile ya Buluu, na Wangok? Serikali ya Sudani ilikataa mambo yao yasemwe katika baraza la IGAD, ikadai kwamba ni mambo ya kaskazini. Ikabidi yafanyiwe mazungumzo ya pembeni huko Karen, Nairobi, mwanzoni mwa mwaka 2003, chini ya jina la Kenya na si la IGAD. Hata chumba chao kilikuwa mbali. Kisha utaratibu ukaenda hivi: itifaki ya majeshi ikatiwa saini Septemba 2003, ya mali na mafuta ikatiwa saini Januari 2004, na zile za maeneo matatu zikatiwa saini tarehe 26 Mei 2004, pamoja na ile ya madaraka, na ile ya Abyei ikiwa imetungwa kwa sehemu kubwa na Wamarekani kwa kuwa pande mbili zilishindwa kukubaliana.

Na zilisema nini? Wangok walipewa kura ya maoni, ifanywe siku moja na kura ya kusini, wachague kubaki kaskazini au kujiunga na kusini. Ahadi kama hiyo walikuwa wamepewa katika mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972, na kura haikupigwa. Wanuba na watu wa Nile ya Buluu walipewa kitu kilichoitwa mashauriano ya umma, ambamo mabaraza yao ya kuchaguliwa yangetazama kama mkataba umewatosheleza, na kama haukuwatosheleza yazungumze na Khartoum. Haki ya kujiamulia hawakupewa. Nakumbuka vifijo vya tarehe 9 Januari 2005 katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, mkataba mzima ulipotiwa saini, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioshangilia, na sijutii, kwa sababu watu wengi mno walikuwa wamekufa. Ila katika shangwe ile wachache wetu tulifungua kurasa za mwisho.

Kilichofuata kilithibitisha kwamba yaliyokuwa katika kurasa zile ndiyo yaliyokuwa kiini. Kura ya Abyei haikupigwa mwezi Januari 2011, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kukubali jibu la mwenziwe juu ya swali la nani mkaazi: je, Mmisseriya anayekaa mtoni miezi sita ni mpiga kura au ni mgeni? Mwezi Mei jeshi la Khartoum likauteka mji wa Abyei, ukachomwa, na Wangok wakakimbilia ng'ambo ya mto. Tarehe 5 Juni vita vikazuka Kadugli, baada ya uchaguzi wa gavana ambao chama cha mgombea Abdelaziz al-Hilu, mmoja wa makamanda wa SPLA wa milimani, kilikataa matokeo yake. Tarehe 9 Julai Sudani Kusini ikapandisha bendera yake, na Septemba moto ukafika Damazin, Nile ya Buluu, na gavana Malik Agar akaondolewa akaingia msituni. Ndani ya miezi mitano maeneo yote matatu yalikuwa yameungua, ilhali dunia ilikuwa Juba ikipiga picha.

Iangaliwe hali ya askari wa vikosi vya SPLA vilivyoitwa Divisheni ya 9 na Divisheni ya 10. Watu hao walizaliwa Kauda, Heiban, Kurmuk. Walipigana miaka 20 ndani ya jeshi ambalo sasa limekuwa jeshi la nchi nyingine. Na mwaka 2011 Khartoum iliwataka ama watoe silaha ama waondoke kwenda kusini ya mstari wa 1956. Waondoke kwenda wapi? Nyumba zao zilikuwa nyuma yao, upande wa kaskazini, na wake zao walikuwa wakipanda mtama huko. Walibaki. Ndege za Antonov zikaja, na katika vijiji vya milimani kila boma likachimba shimo lake, la kina cha kumficha mtu aliyechutama, karibu na jiko au chini ya mti, na watoto wakajifunza kuutambua mvumo kabla ya wakubwa, wakajitupa ndani, wadogo chini na wakubwa juu yao, wakatulia hadi mama aite majina yao.

Yote haya yangekuwa taarikhi tu lau yasingekuwa yanarudiwa. Vita vilivyoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, baina ya jeshi la Jenerali Abdel Fattah al-Burhan na kikosi cha RSF cha Jenerali Mohamed Hamdan Dagalo, vilionekana kwanza kuwa vita vya mji mkuu na Darfur. Lakini haukupita muda kabla pande zote mbili hazijageukia bawaba. Mwezi Mei mwaka huo huo Malik Agar alifanywa makamu wa Burhan. Mwezi Februari 2025 Abdelaziz al-Hilu, mwenziwe wa zamani katika uasi ule ule, alikuwa Nairobi wakati RSF na washirika wake walipotia saini hati ya kuunda serikali yao, na yeye miongoni mwao. Mmoja akawapa askari wa serikali uso wa mpakani. Wa pili akawapa wapinzani wao milima. Kadugli na Dilling zikazingirwa, na mwezi Desemba 2024 wataalamu wa kimataifa wa chakula walikuwa wamekwisha kutangaza baa la njaa katika sehemu ya magharibi ya Milima ya Nuba. Mtoto aliyejitupa shimoni mwaka 2011 leo ni kijana wa kubeba bunduki, na wako wanaompa.

Kwa hiyo nawaambia wale watakaokaa mezani siku itakapokuwapo meza, iwe Jeddah, Cairo, Addis Ababa au hapa kwetu, kwamba waanze na mpaka. Kugawa viti vya Khartoum ni kazi nyepesi kuliko inavyoonekana, kwa sababu wanaovitaka wanajulikana kwa majina. Kazi ngumu ni kuamua askari wa Kauda ni askari wa nani, Mmisseriya atanywesha wapi ng'ombe wake mwezi Machi, na nani ana sauti juu ya kisima cha mafuta kilicho katika ardhi ya watu wasio na umeme. Mahakama ya Hague ilitoa fundisho moja ambalo halikushikwa: ilichora mpaka wa Abyei, eneo la takriban kilomita za mraba 10,000, ikasema papo hapo kwamba haki ya malisho ya jadi haikufutwa na mpaka huo. Yaani bendera na majani ni vitu viwili. Laiti wanasiasa wangaliifuata hukumu ile kwa moyo safi, swali la nani mkaazi lisingekuwa kisingizio, maana Mmisseriya angekuwa na hakika ya maji yake bila ya kuhitaji kura ya Mngok. Kadhalika, orodha ya wapiga kura iandikwe kabla ya tarehe ya kura, na wenyeji wa mpakani wawe wajumbe kamili, wasiletwe kama mashahidi wa kuulizwa maswali mawili kisha wakatolewa nje. Na Kenya, ambayo mji wake mkuu ulikuwa nyumba ya sulhu mwaka 2005, ichunge heshima ile. Mpatanishi hana mali nyingine ila mlango wake kuwa wazi kwa wote, na akionekana kumwandalia mmoja karamu, hatoaminiwa na wa pili.

Wasudani wenyewe wa mpakani hawakungoja. Mwaka 2016 Wangok na Wamisseriya, wakiwa bado hawana kura wala serikali inayokubaliwa na wote, na mji wa Abyei ukilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, waliunda kamati ya pamoja ya amani, wakafungua soko huko Amiet, kaskazini ya mji. Bidhaa za kaskazini hushuka hapo, na watu wa kusini hupanda kuzinunua, na mifugo huuzwa. Damu imemwagika hapo zaidi ya mara moja, na soko limerudi. Ng'ombe akiibiwa, wazee wa pande mbili hukaa, mmoja akisema alipotea ng'ambo ya Kiir na wa pili akijibu kwamba alionekana ukingoni mwa Bahr al-Arab, wakakadiria fidia, na mwenye ng'ombe akalipwa kabla ya jua kuchwa.